Alichosema Mama Kuhusu Bomba la Kona

Foleni ya maji ilikuwa imeshazunguka ukuta wa shule pale Kamera alipofika na madumu yake, na jua lilikuwa bado halijatoka. Wanawake walikuwa wamepanga madumu kwenye mstari, wenyewe wamekaa pembeni juu ya mawe, maana dumu halichoki kusimama.

"Umechelewa," alisema muuza mkaa, jirani yao wa mlango wa pili. "Mama yako saa hizi angekuwa ameshateka na kurudi."

"Mama yangu alikuwa halali."

"Alikuwa analala sana tu! Ila alilalia hapa hapa, amesimama, macho wazi, na ole wako umpite kwenye mstari."

Wakacheka. Kamera naye akacheka, halafu akageukia ukutani. Mama hakuwa na hata miezi miwili kaburini. Nyumba hakuwa nayo, shamba hakuwa nalo, na urithi aliomwachia bintiye ulikuwa ni ile nafasi kwenye foleni.

Jina la Kamera alipewa na mtaa. Alikuwa na kibanda chenye kitambaa cheupe na kiti kimoja, jirani na ofisi ya vitambulisho, akipiga watu picha za pasipoti. Mwaka uliopita kituo cha habari cha jamii kilitangaza programu ya sinema za mtaa: ukichaguliwa unafundishwa, unaazimwa kamera ya maana na maiki, unatengeneza sinema ya maisha ya kwenu. Ukutani waliandika kwa rangi nyekundu, "Simulia mwenyewe." Kamera akaamua kusimulia bomba la kona.

Bomba lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwao. Shirika la maji lilikuja na utepe na viti vya kukodi, likalifungua kwa hotuba, na maji yakatoka kweli, mpaka mgeni wa mwisho alipopanda gari lake. Huu ulikuwa mwaka wa pili halijatoa hata tone. Watoto walilitundikia mashati wakicheza mpira. Na mtu aliyeyasimulia hayo yote kwenye sinema, kwa mikono na kwa kicheko, alikuwa mama.

Simu ilimlilia dumu la mwisho likiwa nusu. Alikuwa mratibu wa kituo.

"Dada, mgeni rasmi amebadilisha ratiba. Onyesho ni leo saa kumi. Na sinema yako ina jambo, njoo mapema."

Kamera alilijua jambo lenyewe.

Alipofikisha maji nyumbani, baba alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa koti. Sukari ilikuwa imemla macho kidogo kidogo mpaka ikayamaliza, na kwa miaka mingi hakuvuka kizingiti bila mkono wa mtu. "Mama yenu ndiye macho yangu," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Kila jioni mama alikaa kando yake, akasafisha koo kwa kile kikohozi chake kidogo, kisha akamhadithia siku nzima: nani kapaka mlango rangi, nani kanenepa, nani kajifanya hamuoni. Mtu mwingine angeweza kumwapia mzee mpaka jasho limtoke, naye angejibu, "Ngoja kwanza nimuulize mke wangu."

"Nimesikia unaongea na simu," alisema. "Leo ndiyo leo?"

"Ndiyo, baba. Saa kumi."

"Nitamsikia?"

Kamera alilitua dumu polepole. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli.

"Utamsikia, baba."

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Maiki waliyoazimwa ilikuwa ndogo, ya kubana kwenye nguo, na ilikula betri kama mgonjwa anayepona. Betri nazo zilikuwa zinapanda bei kila ukienda dukani, na kituo kilisema wazi kwamba kinatoa vifaa tu, betri jitafutie. Kwa hiyo Kamera alikuwa anaizima maiki kila watu wakipumzika, kwa sababu akiba haiozi, kama alivyofunzwa na mama huyo huyo. Siku ya kumrekodi mama aliizima wakati mama anafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Hakuiwasha tena. Na maiki ile ikishachomekwa, kamera yenyewe haisikii kitu. Inaingojea maiki tu.

Jioni ile alirudi nyumbani akamwambia baba kwa furaha, "Nimemrekodi mama, utamsikia." Kabla hajapata zamu ya kompyuta ya kituo, presha ikamwangusha mama jikoni. Walipomaliza kuzika, Kamera akaenda kituoni, akavaa hedfoni, akafungua picha. Mama alikuwa pale, amesimama kando ya bomba, anaongea, anacheka, anasonta, na hakukuwa na sauti. Akabadilisha waya. Akabadilisha hedfoni. Akaizima kompyuta, akaiwasha, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Alilia mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kafariki.

Mratibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikaa mtaa wa pili, alijua njaa, alipenda sinema kwa moyo wake wote, na mshahara wake ulitoka kwa wafadhili.

"Sinema yako ndiyo bora kuliko zote, dada, sikudanganyi," alisema Kamera alipofika kituoni asubuhi hiyo. "Lakini mtu anafungua na kufunga mdomo dakika saba bila sauti, watu watadhani mashine imekufa. Umtoe mama, au umtafutie sauti."

"Mdogo wangu ana sauti yake. Ile ile. Hata watu wakipiga simu walikuwa wanawachanganya. Na mimi nakumbuka alichosema mama, sijasahau hata nukta."

"Basi vizuri! Nitajie."

Akamtajia. Mratibu aliandika huku akiitikia kwa kichwa, kisha kalamu ikasimama.

"Hapa kwenye bomba…"

"Bomba halitoi maji."

"Mimi nachota wapi, dada? Si foleni hiyo hiyo? Ila mgeni rasmi wa leo anatoka shirika la maji. Wao ndio wanaolipa umeme wa chumba hiki. Wao ndio walionunua kamera uliyoishika. Nikimkalisha kiti cha mbele nimtukane, kesho hapa panauzwa viatu, na vijana kumi walio nyuma yako hawatashika kamera maisha yao."

"Si kumtukana. Ni bomba."

"Mkono usioweza kuukata, ubusu." Akachukua karatasi nyingine, akaandika mwenyewe, harakaharaka, bila kumwangalia. Kisha akamsogezea.

Kamera akasoma. *Bomba la kona limetuokoa. Tangu lifunguliwe halijakauka hata siku moja. Sasa nateka mlangoni kwangu, siamki tena alfajiri.*

"Mama hakusema hivi."

"Mama hakusema chochote, dada," mratibu alijibu, tena kwa upole. "Hilo ndilo tatizo letu."

Kamera aliiangalia karatasi muda mrefu. Akikataa, mama anatolewa, na baba atakaa ukumbini na koti lake akisubiri sauti mpaka taa ziwashwe. Akamfikiria mzee, hakufikiria kitu kingine. Akachukua simu akampigia mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Spika, na kazi yake ilikuwa hiyo: kusimama mbele ya duka la vyombo na kipaza sauti, kutoka asubuhi hadi jioni, akiwaita wapita njia. Alikuja saa ya chakula, miguu ina vumbi, hajala. Alisoma karatasi mara mbili.

"Nani kaandika takataka hii?"

"Mratibu."

"Na wewe dada umekubali."

"Baba anataka kumsikia."

Spika hakubisha tena. Aliomba maji ya uvuguvugu, akanywa, akasimama mbele ya kompyuta akiutazama mdomo wa mama. Picha ilipoanza, alisafisha koo kwa kikohozi kidogo, kile kile, ndipo akaanza kusema. Kamera aling'ata ukingo wa kitenge chake. Sauti ilikuwa ya mama, na uvivu wake mwishoni mwa sentensi, na kicheko kinachoanzia puani. Maneno tu ndiyo hayakuwa yake.

"Safi sana!" alisema mratibu. "Moja kwa moja!"

Spika alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alisimama mlangoni.

"Nimeuza sabuni isiyotoa povu," alimwambia dada yake. "Nimeuza sufuria zinazovuja, watu wananirudia wananitukana, nanyamaza. Leo nimemuuza mama." Akarudi kazini. Kwenye onyesho hakuja.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikaa mbele na chupa yake ya maji, majirani wakajibana nyuma, na Kamera akamkalisha baba katikati, akamshika mkono. Mama alipotokea ukutani, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, watu walishusha pumzi. Kisha kikohozi. Kisha sauti.

Mzee alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. "Ndiye," alisema kwa nguvu, bila kujali nani anasikia. "Ndiye huyo! Mke wangu!" Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyo na kazi nyingine, na mkono wake ukaminya wa binti yake mpaka ukauma. Kamera akasema moyoni, basi, imetosha, hata kama ni uongo imetosha.

Muuza mkaa aligeuka kutoka safu ya mbele yao. Alimtazama Kamera, kisha akamtazama mzee anavyolia, akageuka tena mbele.

Mgeni rasmi alipiga makofi kwa kusimama. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Hayo si maneno yetu, ni ya mama wa mtaa huu huu, Mungu amlaze pema." Akatangaza kwamba shirika litaifadhili programu mwaka mwingine. Mratibu alimkumbatia Kamera, naye akasimama mikono chini kama nguo kwenye kamba.

Walirudi baba akiwa nyuma ya Kamera. Mkono wake ulikuwa begani kwa Kamera, na kila walipoendelea ulizidi kuwa mzito. Walifika nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, koti hakulivua.

"Mwanangu, bomba lile liko mbali na hapa?"

"Hapana, baba. Hapo kona tu."

"Ndivyo nilivyodhani." Akapapasa ukingo wa kitanda. "Najua wewe unakwenda kuteka mbali. Nikasema labda sasa limeharibika. Lakini wakati wake lilikuwa linatoa. Kasema mwenyewe, halijakauka hata siku moja."

"Baba…"

"Nilikuwa namsikia anaamka alfajiri. Anatafuta kandambili kwa mguu, anavuta mlango polepole ili nisiamke. Anarudi jua limeshachoma bati. Nikimuuliza, anasema foleni. Na mimi namwonea huruma." Alikuwa anasugua goti kwa kiganja. "Simlaumu. Mwanamke mzima, mume hana macho, hana kazi. Simlaumu hata kidogo. Nataka kujua tu alikuwa anakwenda kwa nani."

Kamera akakaa chini sakafuni. Angeweza kumwachia sauti, akae nayo mpaka kufa, na kila akiikumbuka imwambie kwamba mkewe alikuwa mwongo. Au amrudishie mke, na amnyang'anye sauti. Hapakuwa na njia ya tatu, na aliyezifunga zote alikuwa ameshapanda gari lake, chupa ya maji mkononi.

"Baba, ile haikuwa sauti ya mama. Ni mdogo wangu. Walimpa maneno ya kusema." Akaendelea upesi kabla hajakosa nguvu. "Bomba ni kavu tangu siku ya utepe. Mama alikuwa kwenye foleni, ukuta wa shule, kila siku ya Mungu. Kamuulize muuza mkaa. Mimi nasimama pale pale alipokuwa anasimama."

Mzee alifunga macho, ingawa hayakuwa na haja ya kufungwa. Uso wake ulilegea, akavuta pumzi ndefu, akasema jina la mkewe taratibu, jina la ndani ambalo watoto hawakuzoea kulisikia. Alikuwa amerudishiwa mkewe. Kisha akageuza kichwa upande wa binti yake.

"Na ya kwake iko wapi? Si uliniambia umemrekodi?"

"Haikuingia, baba. Nilizima maiki. Nilikuwa nabania betri."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

"Hata kile kikohozi chake?"

"Hata kikohozi, baba. Samahani. Nisamehe."

Mzee alitafuta vifungo kwa vidole. Alivua koti, akalikunja mkono juu ya mkono kama alivyokuwa akikunjiwa, akampa.

"Maji yamebaki?"

"Dumu moja."

"Basi kalale mapema," alisema. "Foleni haimngojei mtu."