Maji ya Kwanza ya Alfajiri

Jumanne, tarehe 14 Novemba 1978. Jiji la Daegu liliamkia baridi kavu isiyo na upepo, na barafu nyembamba ilikuwa imeshika vioo vya madirisha. Manispaa ilikuwa imekata maji tangu jioni, kama kawaida yake, na ilipoyafungulia Sun-im alikuwa ameshasimama jikoni na bakuli jeupe. Kila alfajiri aliteka maji ya kwanza kabla mtu mwingine hajagusa bomba, akayaweka dirishani, akaiombea nyumba yake. Akimaliza kuomba, maji hayo hayakumwagwa. Alipewa anayehitaji heri, ayanywe.

Mwaka uliopita aliyeihitaji alikuwa mumewe, Baba Tae-sik, kwa sababu ya kikohozi. Aliyanywa mpaka ini likaharibika, akafa.

Jumanne hiyo, bakuli lilipojaa, bomba lilikoroma likamtoa Baba Tae-sik. Vilitangulia vidole. Akajikusanya ndani ya beseni la kabichi zilizolowekwa chumvi kwa ajili ya kimchi, achari ya Kikorea, akaketi.

"Umezidisha chumvi," alisema.

"Mtu umeshakufa, chumvi inakuhusu nini?" Sun-im alimpa taulo. "Umepitia wapi?"

"Kwa Pyo mtia rangi, huko chini. Mpira wake wa maji umelala ndani ya pipa la dawa ya kushikisha rangi. Maji yakikatwa, mabomba yanavuta dawa yanaileta huku juu. Ndiyo iliyoniua. Sasa naishi humo pipani. Kuna baridi, Mama Tae-sik."

Mkwe wao Mi-ok aliingia akijishika kiuno, mimba yake ikiwa kubwa. Alimwinamia marehemu kwa heshima, kisha akanyoosha mkono achukue bakuli. Sun-im alimwahi.

"Umeshayanywa mara ngapi?"

"Si kila siku, mama? Wewe mwenyewe ndiye unayenipa." Mi-ok alijipapasa tumbo. "Tangu juzi mtoto hachezi."

Sun-im aliyamwaga. Wakashuka wote watatu, marehemu akiacha michirizi kwenye ngazi. Wanawake waliokuwa wakiosha kabichi uani waliwapisha, kisha wakawafuata mpaka karakana ya Pyo ya kutia vitambaa rangi.

"Kaka, umekonda," Pyo alimwambia marehemu, akamletea kigoda.

"Inua huo mpira," alisema Sun-im. "Uning'inie juu ya pipa, usiguse dawa. Basi."

"Ukining'inia unarusha matone, shemeji. Kitambaa kikipata madoa nani atakinunua?"

"Basi weka valvu kwenye bomba, maji yasirudi."

"Mabomba ni ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anasema ni yako."

"Ndiyo, huwa tunaambiana hivyo."

"Mnaongea tu na mzee anatetemeka," alisema jirani mmoja. "Hata kama ni maiti, jamani."

Pyo alimtazama Baba Tae-sik, ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Pyo hakuwa mtu mbaya. Mazishini alilia kuliko ndugu. Alitumbukiza mkono ndani ya pipa, pembeni mwa mpira, akauacha humo mpaka naye akaanza kutetemeka. Alipoutoa, machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mi-ok alikuwa ameegemea ukuta, viganja vyote viwili tumboni, akisikilizia kama mtoto atacheza.

"Mbele yenu nyote," alisema Pyo, "naahidi. Kuanzia leo, kila jioni nitalipasha moto pipa hili. Kaka hatapanda tena na baridi."