Msonyo Kwenye Spika ya Kushoto

Miwani aliponunua redio yake kubwa, mtu wa kwanza kumwita hakuwa fundi wa umeme. Alimwita shemeji yake, Mama Korasi, aje apime madirisha.

"Shemeji, nataka mapazia mazito," alisema, akimwonyesha spika mbili zilizosimama sebuleni, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. "Sauti ikigonga kioo inarudi imechafuka."

"Makubwa! Siku hizi hata sauti inataka pazia?" Mama Korasi alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, na pini hazijawahi kumzuia kusema. "Yangu mimi ilitoka bila pazia na hakuna aliyelalamika."

"Nani atalalamika, shemeji, na hakuna aliyewahi kuisikia?"

Alikuwa na duka la miwani, huyu mdogo wa mumewe, ndiyo maana ukoo mzima ulimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu macho, na sasa, kama alivyojisifu kwa kila mpita njia, alikuwa amejinunulia masikio. Utani wake na mke wa kaka yake ulikuwa na mada moja tu, nayo ni korasi.

Na nani asiyeijua habari ya korasi? Ukienda kwa mama huyu kushonesha pazia la choo, utaondoka unaijua. Zamani, akiwa msichana, alipeleka mashati aliyoishonea bendi moja, akawakuta studio wamekwama kwa sababu mmoja wa waitikiaji hajatokea. Fundi wa sauti akamwangalia juu mpaka chini. "We dada, unajua kuimba?" Swali gani hilo! Wakamsimamisha pamoja na wenzake, na kabla wimbo haujafika katikati fundi akamwambia asogee nyuma. Akasogea. Akaambiwa asogee tena. Mwishowe akaimba akiwa ameegemea mlango, maana sauti yake ilikuwa inameza za watu wote. Wimbo ukatoka, ukavuma, na kila ulipopigwa redioni Mama Korasi aliinua kidole: "Tulieni! Hapo! Huyo mimi!"

Watu walitulia, wakatega masikio, wasiambulie kitu. Redio ya nyumbani ilikuwa na spika moja, nayo imepasuka, na kaseti zao zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Ukimsikia mpiga gitaa ushukuru Mungu, sembuse msichana aliyesimama mlangoni. Jina la Mama Korasi lilizaliwa hapo, na lilikuwa la dhihaka kabla halijawa la mapenzi.

Sahani yenyewe ya santuri, ile aliyopewa na bendi, ilitundikwa kwenye msumari juu ya kabati lake kama cheti cha ndoa. Haikuwahi kupigwa. "Sindano za siku hizi zinakwaruza," alikuwa akisema, na waliomjua walishangaa kwamba mwanamke huyu kuna kitu anakionea huruma.

Sasa nikwambie asichokisema kwa wateja. Siku ile, walipomaliza, yule mwitikiaji aliyechelewa aliingia mbio akiomba radhi, na wimbo ukarudiwa upya, yeye Mama Korasi akiwa nje anakunja mashati. Walichagua upi, wa kwanza au wa pili? Hakujua. Hakuuliza. Na mumewe alikuwa amekuja kumchumbia wimbo ukiwa motomoto, akimtafuta "yule binti wa kwenye wimbo." Mtu akioa mwimbaji, halafu uzeeni akagundua kuwa alioa mshona mapazia mwenye mdomo, atasemaje? Wazo hilo lilimtesa Mama Korasi. Ndiyo maana sahani ilibaki kwenye msumari.

Jumapili moja mchana, mapazia yalipokwisha tundikwa, Miwani akaalika watu waje kuzindua redio. Walikuja majirani, akaja wifi mkubwa, dada yao akina Miwani, akaja Mama Korasi na mumewe. Mumewe alikuwa mtunza stoo mstaafu, mtu wa maneno machache, na kwa mke yule angeyapata wapi mengi? Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi.

"Ndugu zangu," alisema Miwani, akisimama katikati ya spika, kando ya mashine ya kupigia sahani iliyokuja na redio, "vyombo hivi havifichi kitu. Leo tutamsikia shemeji yangu, au leo ataumbuka. Asiposikika, hadithi ya korasi tunaizika hapa hapa, na asiisimulie tena, hata kwa mteja."

"Na nikisikika?"

"Ukisikika nitakupigia magoti mbele za watu."

"Basi yapake mafuta hayo magoti. Lisemwalo lipo." Alisema hivyo kwa madaha.

Miwani akabonyeza simu yake. Alichokipata, alieleza, ni toleo jipya la wimbo ule, limesafishwa na mafundi kwa kompyuta na kung'arishwa. Wimbo ukaanza. Mama yangu! Ulianza kwa kelele, ukaendelea kwa kelele, gitaa, ngoma na mwimbaji wote wamejipanga mstari wa mbele wakisukumana, hakuna wa nyuma, hakuna wa chini. Wifi mkubwa akaziba masikio. "Punguza wewe!" Miwani akapunguza. Haikusaidia. Bado walikuwa wanapiga kelele, ila sasa wanapigia nyumba ya pili.

Ukafika mahali pale kabla ya korasi ambapo vyombo vyote vinanyamaza kidogo. Mama Korasi akainua kidole, kwa mazoea. Pakawa na kimya cha kaburi. Kisha korasi ikaanguka kama ukuta, sauti nyingi zimeshikana, huwezi kumtoa mtu. Wakarudia. Vilevile. Wakarudia tena.

"Njia ya mwongo fupi!" alipaza sauti Miwani, na watu wakavunjika mbavu.

Mama Korasi alifungua mdomo ajibu, na halikutoka neno. Akaufunga. Akayaangalia mapazia yake, akaona pindo moja limepanda upande, akaendelea kuliangalia hilo. Basi walichukua ule wa pili, aliwaza. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri jibu lake ndipo wacheke zaidi, na jibu halikuja. Hata Miwani akaanza kukohoakohoa. Mama Korasi akageuka kumtazama mumewe. Kiti kilikuwa kitupu.

Ameona aibu, ameondoka, alijisemea. Machozi yakamlenga.

Nyumba yao haikuwa mbali. Chai ilikuwa imeanza kupoa pale mlango ulipofunguliwa, na mzee akaingia anahema, amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo la kuogea. Akalifungua. Ilikuwa sahani.

"Hii hapa," akamwambia mdogo wake. "Na hiyo mashine yako ya sahani si pambo."

"Iache," alisema Mama Korasi haraka. "Sindano itaikwaruza. Na imejaa vumbi."

"Ipigwe," akasema mumewe.

Miwani aliipokea kwa mikono miwili. Tuseme haki yake, kazi ya kufuta vioo anaijua. Alileta kile kitambaa laini anachowapa wateja wa miwani, akaifuta sahani taratibu kwa mzunguko, akaondoa vumbi na vinyesi vya nzi, akaipuliza, akaiweka, akashusha sindano.

Kwanza kikasikika kitu kama mafuta yanachemka kwenye kikaango. Halafu gitaa likaingia, na lilikuwa na mahali pake. Lilikaa kulia, karibu na kabati la vikombe. Ngoma ilikuwa nyuma, mbali, mtu angeweza kunyoosha kidole akaionyesha. Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya kuanza, na wifi mkubwa, bila kujua, naye akavuta.

"Hawa watu wamo humu ndani," akanong'ona.

Hakuna aliyeomba sauti ipunguzwe. Mama Korasi alishika mikono ya kiti. Aliiona studio ile waziwazi: fundi nyuma ya kioo, kapeti iliyochanika, na mlango ule wa mbao aliouegemea, ulikuwa upande wa kushoto. Vyombo vikanyamaza. Hakuinua kidole safari hii.

Mafuta yakachemka kidogo. Kisha, kwenye spika ya kushoto, mbali kabisa kama mtu aliyesimama mlangoni, sauti ya msichana ikasema, "Njo..." Ikakatika. Ukafuata msonyo, mfupi, mkali. Ndipo korasi nzima ikaingia, "Njoo, njoo, njoo," kwa wakati wake.

Wifi mkubwa akainuka kwenye kiti.

"Huo msonyo!" wifi mkubwa alipiga kelele. "Jamani, huo msonyo naufahamu!"

Nani asiyeufahamu? Walikuwa wamesonywa nao wote, kila mtu na siku yake: wateja wanaobadili rangi kitambaa kikishakatwa, watoto wachanga wanaogoma kucheua baada ya kunyonya, na Miwani mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa sababu ya bomba la pazia. Nyumba ikalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega.

"Kiherehere!" alilia Miwani. "Kumbe hata kwenye sahani unadakia! Wenzako hawajaanza, wewe umeshafika!" Akarudisha sindano. Njo, na msonyo. Akairudisha tena. Njo, na msonyo.

"Sasa mbona kwenye hilo jipya lako sipo?" Mama Korasi alikuwa amerudiwa na sauti, na ilikuwa ile ile ya kumeza wenzake.

"Wamesafisha, shemeji. Pale kimya walisikia kitu kidogo, wakadhani ni uchafu, wakafuta. Halafu wakavuta kila kitu juu kifike sawa. Wamefagia nyumba mpaka wakamtoa mwenye nyumba."

"Mimi uchafu?"

"Mimi sijasema, shemeji. Wamesema mafundi."

Akapiga magoti. Yalilia yote mawili, na Mama Korasi akamwacha pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, akimweleza upya habari za mashati, ili asikie vizuri akiwa chini.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu, mzee amebeba sahani kwenye taulo lake, mkewe anasema. Alisema mpaka kona ya duka la rangi. Hapo akapunguza mwendo.

"Nikwambie kitu. Miaka yote hii mwenyewe nilikuwa na wasiwasi. Wimbo ule ulirudiwa, mimi nikiwa nje. Sikukwambia." Akavuta pumzi. "Lakini wewe uliniamini. Hilo lilinitia nguvu."

"Hapana," alisema mzee.

"Hapana nini?"

"Sikukuamini. Hata siku moja."

Mama Korasi akasimama katikati ya njia. "Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka nje siku ile naja kwenu. Ulivyokuwa unapaza sauti, nikasema huyu angekuwepo kwenye ule wimbo, tungemsikia."

"Na ukanioa!"

"Nilikuwa nimekuja kumwona mwimbaji," mzee alisema. "Nikakukuta wewe. Sikuoa korasi."

Mama Korasi alimtazama mtu huyu aliyeishi naye umri mzima. "Sasa kama huamini, sahani ulikimbilia kuileta ya nini? Si ungeniumbua zaidi?"

Mzee akahamishia taulo kwapa la pili. "Ulikuwa umenyamaza," alisema. "Niliogopa."

Akatafuta neno la kumjibu, yeye Mama Korasi, mwenye maneno ya kugawa na ya kubakiza. Hakulipata. Akasonya, kifupi, kikali, akamshika mkono, wakaenda.