Mzizi Namba Kumi na Tisa

Mwaka 1975 mama mkwe wangu, Eufrazia, alinitumia mzizi wake wa kutuliza msokoto wa tumbo. Alikuwa mganga Temeke, na waganga walitakiwa kuleta dawa zao zipimwe kwenye maabara ya serikali nilikofanya kazi. Dawa ikishindwa, mwenyewe hapati kibali cha uganga.

Kwa desturi ya kwetu Newala, mtu na mama mkwe wake hawazungumzi wala kutazamana usoni. Kwa miaka kumi na moja maneno yetu yalipitia kwa mke wangu, Rosalia.

"Mama anasema usiuanike," alisema Rosalia akinipa kifurushi.

"Kwa nini?"

"Mie nijulie wapi? Kamuulize mwenyewe!" Akacheka. Alijua siwezi.

Niliuanika. Mwongozo wa maabara, niliousoma peke yangu mpaka ukachakaa, uliagiza kila mzizi ukaushwe, nami sikutaka mkuu wangu, Daktari Gaspar, aseme nampendelea mkwe.

Asubuhi nilileta utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni Vingunguti, nikatundika kipande kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Ukitia kichocheo, kinakaa kwenye vipokezi vya chembe za utumbo. Utumbo unajikunja, na sindano iliyounganishwa nao inachora mlima kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Dawa ya kweli huwahi kuvikalia vipokezi hivyo. Kichocheo kikija kinakosa nafasi, mstari unabaki bapa.

Mzizi namba kumi na tisa ulichora milima minane. Daktari Gaspar akaandika: haufanyi kazi. Eufrazia akanyimwa kibali.

Baadaye nilimwomba Rosalia mzizi mwingine, nikauponda ukiwa mbichi. Mstari ulikuwa bapa. Nikarudia mara tano, bapa.

Daktari alizitazama karatasi zangu, akanirudishia.

"Orodha imeshakwenda wizarani, Polikarpo. Na nikikiri huu tuliuharibu kwa kuukausha, ile mingine mia mbili niseme nini?"

Jioni nilikwenda Temeke na Rosalia. Nikasimama uani, macho chini, nikamwambia yeye amweleze mama yake kuwa niliuanika mzizi kwa kufuata mwongozo. Eufrazia alitoka ndani, akaja mpaka mbele yangu.

"Mkwe, nitazame."

Nikainua macho. Sikujua kuwa jicho lake moja lina mtoto wa jicho.

"Nilisema usiuanike. Hukuja kuuliza kwa kuniheshimu mimi, au kwa kukiheshimu kitabu?"

Rosalia alikuwa bado amesimama katikati yetu, kwa mazoea, akingoja jibu langu alipeleke.