Mama Maswali Agoma Kunyamazisha

Mama Maswali alikuwa ameketi mkekani, watoto kumi na mmoja wamemzonga, kitabu amekishika kichwa chini miguu juu.

"Umegeuza!" walimpigia kelele.

"Nimegeuza nini, jamani? Mbona mimi naona sawa?"

"Mbuzi anaanguka!"

"Ataangukia wapi?"

"Kwenye ndoo!" "Kichwani kwa bibi!" Basi hapo ni vurugu tupu. Kitabu kilikuwa hicho kimoja, gundi ndiyo iliyokishikilia, lakini katika kile chumba nyuma ya duka la dobi hakikuwahi kuisha vilevile mara mbili. Binti wa dobi peke yake ndiye asiyetia neno. Alikuwa na miaka minne sasa, na majirani walishamtangazia ububu. Mama Maswali alimuuliza kila siku, kisha akamsubiri, akihesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Mkaguzi wa vituo vya watoto alikuwa mlangoni, kibali cha chumba kikisubiri saini yake ndani ya faili.

"Karibu, kaka. Vua viatu, mkeka ndio kiti chetu."

Hakuvua. Kwenye fomu, palipoandikwa *Watoto wametulia*, akaweka alama ya kosa. Chini yake akaandika: *Mlezi ameshika kitabu kichwa chini. Hajui kusoma.*

"Nakigeuza makusudi, wanisahihishe," alisema Mama Maswali. "Mtoto atajifunzaje kusema akiwa amezibwa mdomo?"

"Dada, mimi natazama waliotulia. Waambie waweke vidole mdomoni dakika mbili, nifute hii, nikupe kibali chako."

"Wanyamazishe, shoga!" dobi, mamake yule binti, alisihi kutoka dukani, pasi mkononi. "Wakifunga hapa tutawapeleka wapi?"

Mama Maswali aliwatazama watoto. Kisha akaichomoa fomu mkononi mwa mkaguzi, akaigeuza juu chini, akawaonyesha.

"Wanangu, hapa tunaona nini?"

Akahesabu. Alipofika saba, binti wa dobi alinyoosha kidole.

"Umegeuza. Mpe mjomba karatasi yake."

Dukani pasi ilitulia juu ya shati la mteja mpaka likatoa moshi.

"Umesikia, kaka?" Mama Maswali alisema. "Andika na hilo."

"Halina nafasi kwenye fomu," alijibu mkaguzi, akafunga faili. "Kuanzia kesho chumba hiki kimefungwa."

Alipoondoka, dobi aliingia na shati lililoungua, macho yamelowa. Alimbeba bintiye, akarudi dukani, akaisukuma meza ya pasi hadi ukutani.

"Kesho mtasomea huku mbele," alimwambia Mama Maswali. "Na akija, mwambie avue viatu. Alichofunga ni chumba; hapa dukani atakagua nguo tu."