Juu ya Ukuta wa Seremala

Mtaani walimwita Bwana Mifupa, kwa kuwa alipiga picha za eksirei hospitalini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nyumbani alipiga picha za sayari. Jioni ile Mshtarii na Zohali zilikuwa zimesogeleana hadi kuonekana pamoja ndani ya darubini yake, jambo ambalo mtu hategemei kuliona mara mbili maishani. Tabu ni kwamba zilikaa chini sana upande wa magharibi, na magharibi ya ua wake ilikuwa nyumba ya seremala, dirisha la bafu likitazama huku.

"Nenda ukamwambie jirani," mkewe alimsihi tangu asubuhi. "Yule ana wivu hata na kivuli."

"Nimwombe ruhusa ya kutazama mbinguni?"

"Si ruhusa, taarifa tu. Ulimi hauna mfupa, hautavunjika ukimsalimia."

Hakwenda. Walinuniana tangu ugomvi wa maji ya mtaro, naye hakutaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Jua lilipotua alisimamisha darubini uani, akafunga kamera mahali pa kutia jicho. Alikuwa na dakika arobaini tu kabla sayari hazijazama. Hewa ilichezacheza kama juu ya jiko la mkaa. Akasubiri itulie, akarekodi. Kwenye skrini Zohali ikatokeza na pete yake, na kando yake Mshtarii, miezi minne imejipanga kama shanga. Akacheka peke yake kwa furaha. Hakuona kwamba taa ya bafu la jirani imewaka.

"We Mifupa! Unamchungulia nani?"

Kichwa cha seremala kilikuwa juu ya ukuta.

"Natazama sayari, jirani. Njoo uone mwenyewe."

Hakuja. Mlango ukabamizwa, kisha ikasikika sauti ya mke wa seremala: "Najuaje mimi? Nilikuwa naoga tu!" Kikafuata kishindo, kisha yowe moja fupi.

Mke wa Bwana Mifupa akatoka jikoni mbio. "Nenda ukagonge!"

"Nikienda mimi nitamchochea zaidi."

Mkewe alimtazama kama mgeni, akavaa viatu, akaenda yeye. Aliambiwa mlangoni kwamba ni mambo ya mtu na mkewe.

Asubuhi, mgonjwa wa tatu kwenye foleni ya eksirei alikuwa mke wa seremala, mkono umening'inizwa kwa mtandio. Karatasi ya daktari ilisema ameteleza bafuni.

"Shemeji..." alianza Bwana Mifupa.

"Niambie tu niuweke wapi. Watu wanangoja."

Aliulaza mkono kwenye meza, meno yamebanana. Picha ilipotoka, mfupa ulikuwa umekatika katikati, kati ya kiwiko na kiganja. Bwana Mifupa aliujua mvunjiko ule. Anayeteleza mara nyingi huumia kifundo. Pale huvunjika aliyeinua mkono kukinga uso.

"Sikukuchungulia," alisema. "Haki ya Mungu. Picha ninazo."

"Najua. Kila jioni nakuona umeinua shingo kama kuku anayekunywa maji. Lakini ungemwambia, shemeji. Maneno mawili tu."

Bwana Mifupa alimweleza daktari alichokiona. Daktari akamuuliza mgonjwa upya, faraghani. Mgonjwa akashikilia kuwa aliteleza.

Jioni Bwana Mifupa alimpelekea seremala picha ya zile sayari. Seremala hakuinuka kwenye benchi lake la kazi. Aliitazama, akapuliza vumbi la mbao lililoangukia juu yake.

"Vidoa viwili," alisema. "Na ulichokichungulia kabla ya hivi, picha yake iko wapi?"

Akamrudishia.

Wiki mbili baadaye, seremala akiwa kazini, shemeji aliondoka kwenda kwa dada yake, plasta bado mkononi. Mke wa Bwana Mifupa alikuwa amemfungia mizigo. Bwana Mifupa alipowaona getini alitoka mbio kuwapokea sanduku.

"Acha," mkewe alimwambia bila kugeuka. "Tumeshalibeba."