Magugu ya Parubai

Serikali iliapa mahakamani kwamba ilikwisha kulichukua shamba la Parubai miaka miwili nyuma, na kwamba tangu hapo halijalimwa, ni magugu matupu. Uongo mkavu! Parubai na mumewe Dagdu hawakuacha kulima hata msimu mmoja. Lakini neno la mkulima wa Marathwada, India, mbele ya muhuri wa serikali ni kelele za chura. Jaji akamtuma wakili kijana, Bi Anagha, akajionee mwenyewe. Akikuta shamba tupu, tingatinga linaingia.

Alifika Januari, mtama umesimama, punje bado laini. Aliandamana na ofisa wa ardhi, Bwana Shirsath, yule yule aliyekula kiapo kwa niaba ya serikali.

"Mbona huu ni mtama?" Bi Anagha aliuliza.

"Umejiotea, bibi. Mbegu zimeletwa na ndege. Magugu tu hayo," Shirsath akajibu bila kupepesa macho.

Parubai alitamani kumzaba kofi. Lakini msimu wa mtama mbichi, mtu hafiki shambani kwako akaondoka mdomo mkavu. Akachoma masuke kwenye makaa ya samadi, akayafikicha viganjani, akaandaa na chatne ya karanga.

"Unamlisha adui?" Dagdu alinong'ona. "Umerogwa?"

"Nyamaza, mzee. Mgeni ni mgeni."

Bi Anagha alikataa, yuko kazini. Shirsath naye alikataa, lakini harufu ilipompata, mkono ukaenda wenyewe. Akala gao moja, akala la pili, akaketi mavumbini na suruali yake ya ofisini.

"Mama, niongezee chatne. Aisee, mmeupalilia vizuri, punje zimejaa..."

Akaacha kutafuna, mashavu yamevimba.

"Kumbe magugu ya huku hupaliliwa," alisema Bi Anagha, akaandika.

Hukumu ilitoka Machi: shamba ni lao. Dagdu aliketi sakafuni pale mahakamani akicheka ovyo. Parubai alilia, na kilio kilikuwa kitamu, mzigo umetuliwa. Kisha akamwona Shirsath barazani, akamwendea na kejeli zake tayari.

"Vipi, bwana magugu?"

"Umeniweza, mama." Hakuonekana kuudhika. "Shamba la baba yangu lilipitiwa na barabara nikiwa shule. Tangu siku hiyo sikuwahi kuonja mtama mbichi, hadi uliponichomea."

Kejeli zikamkauka Parubai mdomoni.

"Januari uje na wanao," alisema. "Waufikiche wenyewe."