Masale Manne

Walipokuja kuipiga picha Nyumba Kuu ili iuzwe, Fatu aliambiwa atoke, anaharibu picha. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za mawe, brashi mkononi, akisugua kuvu tangu alfajiri kwa sababu wenyewe walitaka ngazi zing'ae. Akainuka kwa shida. Valerian, dalali aliyetoka Dar na kamera yake, alimwashiria asogee nyuma, nyuma zaidi, kisha akarudi nyuma yeye mwenyewe ili nyumba yote iingie. Akaenda kusimama juu ya kaburi la baba yake Fatu, akachuchumaa hapohapo na viatu vyake.

"Bwana," Fatu alimwambia, "hapo uliposimama amelala baba yangu."

Valerian akatazama chini. Aliona nyasi zilizokatwa vizuri, na masale, mimea ya majani marefu membamba.

"Hapa? Mbona ni bustani?"

Ni bustani, ndiyo. Na nani aliyeifanya bustani?

Nyumba yenyewe aliijenga Mjerumani, akalima mkonge kuizunguka, na chini kidogo akaweka kambi ya wakataji. Wenye shamba walikuja wengine na wengine, kambi ikabaki ileile. Sadala, baba yake Fatu, alikata mkonge humo miaka thelathini na moja, akafia kambini, akazikwa nyuma ya kambi. Baadaye Fatu alimzika ubavuni pake mwanawe wa kwanza, Yusra, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne. Saruji wangeitoa wapi? Mama yake Fatu alifanya kama wafanyavyo watu wa huku: kila kaburi masale mawili, moja kichwani, jingine miguuni. Masale hayafi kwa ukame, mbuzi hawayali, na hapa Makuyuni mtu mwenye akili zake akiyaona yamesimama hivyo, anazunguka.

Miaka minane iliyopita shamba lilinunuliwa likiwa limekufa. Bosi mpya akabomoa kambi, akaifufua nyumba: vigae, madirisha ya mbao, hadi vitasa vya shaba vya zamani vikatafutwa. Kisha akataka bustani, na Fatu akaajiriwa kuitunza. Siku moja bosi alisimama mbele ya yale masale manne, akasema yamempendeza, anataka ya namna hiyo kila mahali.

Fatu alifurahi, mjinga yule. Alidhani mtu akipenda masale ya baba yako amemheshimu baba yako. Akakata vipandikizi juu ya makaburi, akavipanda kando ya njia, kuzunguka bwawa la samaki, mpaka getini, mia tatu na zaidi. Shangazi yake alimkanya kwamba masale hayapandwi kwa urembo. Akamjibu kuwa bosi ameridhika. Shukrani ya punda mateke, ila hilo alikuja kulijua mwaka huu, nyumba ilipotangazwa kuuzwa.

Alichotaka kilikuwa kidogo: makaburi mawili yaandikwe kwenye karatasi za mauzo. Yakiandikwa, mnunuzi atayaacha na yeye ataruhusiwa kuingia kuyafagia. Yasipoandikwa, ukuta utapanda, na pale Valerian alikuwa tayari akiwaambia watu panafaa kwa kidimbwi cha kuogelea. Fatu akapanda basi hadi Handeni kumleta Mzee Awadhi, wa mwisho aliye hai kati ya waliolibeba jeneza la Sadala. Mzee alikuja akishikwa mkono, maana macho yalishakufa. Castory, bwana ardhi aliyekuja kukagua eneo kabla ya mauzo, akauliza ni shahidi gani huyo asiyeona. Akamgeukia Fatu.

"Haya mama, makaburi yako wapi?"

"Haya hapa, yenye masale."

Castory akaitazama njia, akalitazama bwawa, akalitazama geti.

"Na kule amezikwa nani? Na kule?"

"Kule nilipanda mimi. Haya alipanda mama yangu."

"Yana jina la aliyeyapanda?"

Fatu akasema jambo ambalo hakuwahi kudhani mtoto angelisema juu ya mzazi wake: wachimbe basi, waone. Castory alimjibu taratibu, kama anayemfundisha. Kufukua kaburi kunahitaji kibali, na kibali hutolewa pale ambapo kumbukumbu zinaonyesha kuna kaburi. Hapa hazionyeshi. Akaandika kwamba hakuna makaburi, akapanda barazani kula kuku na Valerian. Jioni gari lake liliondoka na mbuzi nyuma.

Jumamosi iliyofuata wanunuzi walikuwa wanakuja saa sita. Fatu alifika kukipambazuka na jembe lake, akaanza getini. Aling'oa alichopanda, shina kwa shina, pamoja na mizizi. Jabiri, mlinzi, mtoto wa dada yake, alimwita mara moja tu. "Mamdogo, acha." Hakuacha. Viganja vilichubuka, akavifunga kanga, akaendelea. Hasira ilimpa nguvu ambazo wali wa kwake haukuwahi kumpa.

Saa sita bustani nzima ilikuwa udongo mwekundu uliotifuliwa, na katikati yamesimama masale manne, mawili na mawili, kaburi kubwa na kaburi dogo. Sasa hata Mzee Awadhi angeyaona.

Mnunuzi, mama mmoja wa makamo, aliteremka garini akaduwaa. Hakuuliza kuhusu njia wala bwawa.

"Yale manne ni nini?"

Fatu akafungua kinywa. Valerian akamwahi.

"Yamebaki tu, mama. Huyu kichaa hakumaliza."

Polisi walifika upesi, wao ambao kijijini huitwa leo wakaja keshokutwa. Kuharibu mali, walisema, wakampakia nyuma ya pikapu. Valerian alikuwa akimwomba mgeni radhi. Kisha akamwita Jabiri, akamwambia amalizie hayo manne, pawe safi.

Jabiri alimtazama mamdogo wake. Ana watoto watatu, na kazi yake ni hiyo. Akaliokota jembe, jembe la Fatu, mpini bado una damu ya viganja.

Pikapu ilipogeuka, Fatu alimwona akiinama. Alianza na lile dogo, la kichwani kwa Yusra.